Mkaa Chini ya Udongo Mweupe

Nilikwenda Ufipa kutafuta tope. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemuaga Dar es Salaam aliniuliza nakwenda kufanya nini, na kila niliyemjibu alidhani namficha jambo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa mtumishi wa serikali alikwenda mikoani kupima viwanja au kuhimiza kilimo. Tope halikuwa kazi ya mtu mzima mwenye familia.

Sababu yenyewe ilianzia kwetu Uchaggani, ambako tuliamka kila siku tukiitazama barafu ya Kibo. Nilipokuwa mwanafunzi nilipanda mlima na walimu wangu, na mbali chini ya barafu ya leo nikaona vilima virefu vya mawe yaliyokwaruzwa, yamelundikana kama takataka zilizosukumwa na fagio. Mto haupangi mawe namna ile. Barafu ndiyo iliyoyasukuma, zamani za kale, ilipokuwa kubwa na kuteremka hadi mahali ambapo sasa mtu anatembea kwenye nyasi. Tangu siku ile sikupata kazi nyingine. Nilisoma ng'ambo, nikarudi kufundisha chuoni, na miaka yangu yote imekwisha kwenye swali moja: Kibo ilipovaa barafu ile kubwa, nchi zetu nyingine zilikuwaje? Palikuwa na mvua au ukame? Msitu au nyasi?

Mlimani huwezi kulipata jibu hilo. Linakaa kwenye vinamasi. Kinamasi hakitupi kitu: vumbi, majani na chavua ya maua huangukia humo, hulowa na kuzama, mwaka juu ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Mwenye bomba refu la kutosha anaweza kuyachota matabaka hayo na kuyasoma kuanzia juu kwenda chini. Nilikuwa nimekwisha kusoma vinamasi vya mikoa kadhaa, lakini uwanda wa juu wa Ufipa ulikuwa pengo tupu kwenye ramani yangu. Wenzangu wengine walisema nyasi za Ufipa ni kazi ya binadamu, kwamba palikuwa na msitu na wenyeji wakaumaliza. Mimi niliamini zile nyasi ni za kale kuliko jembe. Ila kuamini si kujua, nami ni mtu nisiyependa kusema nisichokijua. Nikaomba ruhusa, nikafunga mabomba yangu.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni hadi Mbeya, kisha basi hadi Tunduma, na kutoka hapo nikadandia lori lililobeba chumvi na sabuni. Njia yote niliulizwa habari za mabomba. Baada ya Laela miti ilipungua, halafu ikatoweka, pakabaki vilima vya nyasi vinavyofuatana hadi macho yanachoka. Ulikuwa msimu wa kipupwe. Upepo wa huko haupigi kelele, unaingia tu mwilini na kukaa. Nilivaa koti nililolinunua Ulaya, na utingo akanicheka kwamba mtu wa Kilimanjaro anaogopa baridi.

Sumbawanga mjini nilifikia mtaa wa Chanji, kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Bwana Hemedi, ambaye familia yake ilikuwa na duka na lori la kwenda vijijini. Alikuwa mtu wa makamo, kofia safi ya kushonwa kwa mkono, na macho yasiyoamini bei ya kwanza ya kitu chochote.

"Haya mabomba ni ya maji?" aliniuliza.

"Ni ya tope."

"Tope gani?"

"Tope la kinamasini. La zamani."

Alinitazama, akaitazama mizigo, akacheka taratibu. "Sawa, Daktari. Dhahabu ina majina mengi. Kesho lori linapita Kaengesa, nitakupakia."

Nilijaribu kumweleza habari za barafu na chavua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza kama nitahitaji walinzi.

Kaengesa tulifika jua likiwa limeanza kupasha joto. Pana misheni kubwa, shule na mashamba yaliyonyooka, na watu wake ni Wakatoliki wakulima wa mahindi na ulezi. Hapo kwa mara ya kwanza niliona vizuri kilimo cha Wafipa cha vilima. Hawachomi nyasi zao kama wengine. Wanakata udongo pamoja na nyasi zake, wanaugeuza juu chini, wanaulundika kuwa kilima cha mviringo, na nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea. Shamba zima linajaa vilima hivyo. Mkuu wa misheni alinikubalia kuutumia ukumbi mdogo wa shule iliyofungwa kwa likizo kama stoo yangu ya kupangia mizigo wakati wa kurudi, nikamshukuru.

Kutoka Kaengesa lori liliniacha njia panda, na wanaume waliotumwa na kijiji wakanipokea mizigo hadi Ilambila. Ilambila ilikuwa kitongoji juu ya mgongo wa kilima, nyumba za matofali mabichi na paa za nyasi, na chini yake kinamasi kirefu chenye matete. Mwenyekiti, Mzee Deusdedit, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alinikaribisha kwa maneno machache. Nikampenda kwa hilo.

Mchana wa siku hiyo hiyo niligundua kwamba sikuwa mgeni pekee. Bwana Shamba wa wilaya alikuwapo, kijana mwenye bidii, viatu vimejaa vumbi, na aliitisha mkutano. Mahali alipopachagua palinishangaza. Nje kidogo ya kitongoji palikuwa na magofu ya malungu, yaani tanuri ndefu za udongo ambamo mababu wa Wafipa waliyeyushia chuma. Yalisimama kama vichuguu vikubwa vilivyopasuka, na chini yake mavi ya chuma, masalio ya kuyeyusha, yametapakaa, meusi na mazito. Bwana Shamba alipanda juu ya lundo hilo.

"Ndugu wananchi," alisema, "msitu wa hapa ulikwenda wapi? Uliingia humu. Wazee wenu walichoma mkaa miaka na miaka, na ardhi imechoka. Mpango wa wilaya ni kuwa Ilambila ihamie bonde la Rukwa, upande wa Kaoze, kwenye ardhi mpya, baada ya mavuno. Na leo tumepata bahati. Mtaalamu kutoka chuo kikuu amekuja kuchimba kinamasini. Mkaa wa malungu uko mle. Atatutolea ushahidi."

Watu wote walinigeukia. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za mpango huo, wala sikuwa nimetumwa kumtolea mtu ushahidi. Mzee Deusdedit akaniomba niseme neno.

"Mimi nasoma hali ya hewa ya kale," nilisema. "Siwezi kusema lolote mpaka maabara iseme."

Nikakaa. Nilijiona nimefanya haki kwa pande zote mbili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku ile methali hiyo haikunijia.

Nyumba niliyolazwa ilikuwa ya Mama Skolastika, mjane wa makamo, mfinyanzi wa vyungu aliyejulikana mpaka mjini. Uani kwake vyungu vibichi vilikaa kwenye kivuli, na kando yake jiwe dogo laini la mtoni ambalo alilitumia kusugulia chungu mpaka king'ae. Alinipa ugali wa ulezi na samaki mkavu wa Rukwa, akakaa akaniangalia nikila.

"Huyo samaki anatoka Kaoze," alisema. "Nimewahi kukaa huko. Niliolewa huko."

"Kukoje?"

"Joto. Mbu. Nilikwenda na watoto wawili, nikawazika huko wote wawili kwa homa. Mume wangu naye alipofariki nikapanda milima nikarudi kwetu, nikamzaa huyu aliyekuwa tumboni." Alinyoosha kidole kwa binti aliyekuwa akichanja kuni, msichana mkubwa wa kukaribia kuolewa. "Huyo hajawahi kuugua homa ya bondeni. Wanasema tuhamie. Wewe mtaalamu wasemaje?"

Nilimwambia nilichowaambia wote, kwamba maabara bado. Aliitikia kwa kichwa, akaondoa sahani. Nilimhurumia, na sikuona la kufanya.

Kazi kinamasini ilianza kesho yake. Sikuruhusiwa kumlipa mtu ujira, maana huo ungeitwa unyonyaji, na pombe ya ulezi ambayo zamani iliwakusanya watu kazini ilikuwa imekatazwa saa za kazi. Kwa hiyo Mzee Deusdedit alinipangia watu kwa zamu, kama alivyowapanga kwa shamba la kijiji. Walikuja, wakafanya, wakaondoka. Hawakuwa wavivu wala hawakuwa na furaha. Tuliweka jukwaa la miti juu ya matete, tukalisukuma bomba kwa kulizungusha, tukalivuta, tukaling'oa tope na kulilaza kwenye mifereji ya bati niliyokuja nayo, kisha tukaunga bomba jingine na kushuka zaidi.

Matabaka yalijitokeza kwa mpangilio. Juu palikuwa na mboji nyeusi, na ndani yake mstari mwembamba wa mkaa wenye chembe ngumu za mavi ya chuma. Chini yake mboji ya kahawia, ndefu. Halafu, siku ya mwisho, likatoka jambo nililokuwa nikiliwinda: udongo mweupe, mkavu kidogo, unaobana, usio na majani hata moja. Udongo wa namna hiyo hukaa pale kinamasi kinapokauka, nchi ikiwa na baridi na mvua ikiwa haba. Niliwahi kuuona mahali pengine, na kila mara ulikuwa wa zama za ile barafu kubwa. Na chini ya udongo mweupe, bomba la mwisho likatoa ukanda mnene mweusi. Niliusugua kwenye kiganja.

"Mkaa!" nilipiga kelele. "Mkaa mwingi! Tazameni!"

Nilifurahi sana, nikawaonyesha wote. Wao hawakufurahi. Mmoja aliiinua koleo yake akaondoka bila kuaga. Nilidhani amechoka. Mifereji ile niliifunika kwa nguo zilizoloweshwa, tukaipeleka kwa Mama Skolastika, ikalazwa kwenye chumba chake cha vyungu, ambako hapakuwa na jua. Kesho yake wanaume waliibeba hadi njia panda, nami nikaaga. Mama Skolastika alinipa mkono bila kunitazama.

Kaengesa, kwenye ukumbi wa shule, nilifungua mifereji ili niifunge upya kwa safari ndefu. Niliianza ya juu, yote sawa. Nilipofika ya mwisho nilisimama. Udongo mweupe ulikuwapo, lakini ule ukanda mnene wa mkaa haukuwapo. Mahali pake palikuwa na mboji ya kahawia, imejazwa na kushindiliwa kwa ustadi mkubwa, pasipo hata pengo la kupitisha wembe. Mtu mwingine asingegundua. Nilichukua taa ya mkono nikaitazama kwa karibu. Juu ya mboji ile palikuwa na mng'aro, ule mng'aro wa kitu kilichosuguliwa kwa jiwe laini la mtoni.

Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi. Kwanza nilikasirika, kisha nikaelewa, na kuelewa kuliniuma kuliko hasira. Bwana Shamba alikuwa amesema mkaa ni ushahidi. Mimi nilikuwa nimepiga kelele ya furaha kwa kuuona mkaa. Nani asingeutoa? Ila mkaa waliopaswa kuuogopa, kama wangeogopa wowote, ulikuwa ule mstari mwembamba wa juu wenye mavi ya chuma, nao walikuwa wameuacha. Ule mnene, uliolala chini ya udongo mweupe, uliungua kabla ya zama za barafu, wakati hapakuwa na lungu wala jembe wala Mfipa. Ulikuwa unaonyesha kwamba nyasi za hapa zilikuwapo na ziliungua zenyewe, labda kwa radi, kabla mtu yeyote hajazigusa. Walikuwa wamemtoa shahidi wao wenyewe.

Asubuhi niliazima baiskeli misheni nikarudi Ilambila na mfereji ule mmoja umefungwa nyuma. Nilimkuta Mama Skolastika shambani na wanawake wenzake, wakigeuza nyasi na kulundika vilima. Aliponiona na ule mzigo aliacha jembe.

"Shikamoo, Daktari," alisema, ingawa tulikuwa rika moja.

"Tusalimiane kama jana, Mama. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Nilifungua nguo. "Hapa palikuwa na mkaa."

Wanawake wengine waliinama kwenye majembe yao. Yeye hakuinama.

"Tumeutoa," alisema. "Nimeutoa mimi. Kama ni kosa ni langu, usimwite mwingine. Mimi Kaoze sirudi, na huyu binti hatakwenda kuzikwa kule na ndugu zake. Umekuja na bomba lako, umetukuta na nyumba zetu, ukashangilia mkaa. Ulitaka nifanye nini?"

Nilikaa chini pale shambani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya watu wa kazi, nikaulaza mfereji kati yetu.

"Mama, huu udongo mweupe unaujua?"

"Nafinyangia."

"Huu wa hapa uliingia kinamasini wakati mlima wa kwetu umejaa barafu mpaka chini. Wakati huo hapa kwenu palikuwa na baridi kuliko hii, na kinamasi kilikauka. Hakuna aliyekuwa analima dunia nzima. Sasa nijibu: mkaa ulikaa juu ya udongo huu au chini yake?"

Alitazama. Kidole chake kilikwenda pale alipokuwa amepajaza mwenyewe.

"Chini," alisema.

"Kilicho chini kilitangulia."

Naye akakaa chini, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Mbona hukusema?" aliuliza. "Siku ile kinamasini, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja maabara."

"Na sisi tulikuwa tunangoja nini?"

Nilimuuliza uko wapi ule mkaa. Akanionyesha shamba. Kwa kuwa ulikuwa mweusi na laini aliuona kuwa mbolea nzuri, akaufukia ndani ya kilima kimoja. Kilima kipi, hakuwa na hakika tena, maana wenzake walikuwa wameongeza vingine. Tulifungua viwili vitatu. Ndani mote mlikuwa na udongo mweusi na nyasi zinazooza, na hakuna mtu wala mtaalamu ambaye angeweza kutenganisha weusi na weusi. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, wengine wakamfuata, na mwisho Mama Skolastika naye akacheka huku akijifuta macho kwa mkono wenye udongo. Mimi sikucheka, lakini nilikaribia.

Mchana ule, kabla sijamuomba mtu, kinamasi kilijaa watu. Mzee Deusdedit hakupanga zamu. Walikuja waliokuwa na zamu na wasiokuwa nayo, wanawake waliacha majembe, na yule aliyeondoka na koleo yake alirudi nayo. Jukwaa lilikuwa bado limesimama, na mabomba, yaliyokuwa yakingoja lori la baadaye, yalikuwa bado kando yake. Tulishusha mabomba hatua chache kutoka mahali pa kwanza. Safari hii walizungusha kwa wimbo, na kila nilipovuta tabaka waliuliza: hii ni nini, ni ya lini, ni juu au chini ya ile nyeupe? Nilijibu yote. Koo lilinikauka kwa maneno. Bomba la mwisho lilinasa kwenye udongo mweupe, likagoma kupanda wala kushuka, na nilidhani tutalikata. Waliingia majini hadi kiunoni wakalivuta pamoja, na lilipotoka mwishoni mwake palikuwa na ukanda mweusi, mnene, mzima. Walipiga vigelegele.

Kesho yake mkutano uliitishwa tena, na Bwana Shamba alipelekewa habari akaja kwa pikipiki. Mfereji wa bati uliwekwa juu ya meza ya Mwenyekiti. Sikuwahi kusimama mbele ya watu na kusema jambo ambalo maabara haijalithibitisha. Kazi yangu yote niliijenga juu ya kutosema. Nikikosea, wenzangu wangenicheka maisha, na wangekuwa na haki. Nilisimama hata hivyo, nikaeleza kutoka juu hadi chini, mstari mwembamba wa malungu bila kuuficha, na ukanda mnene wa kale.

Bwana Shamba alisogea, akainama, akatazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa mpango na aliuamini.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hakika ya macho. Ya maabara bado."

"Na ukikosea?"

"Nitarudi hapa hapa niseme nimekosea."

Alisimama akakung'uta magoti. "Basi nitawaambia wakubwa kwamba mtaalamu anaomba tusubiri. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na mabomba yalikuwa mazito kuliko wakati wa kuja. Sumbawanga, Bwana Hemedi aliupima uzito wa mifereji kwa mkono na kuninong'oneza kwamba hataniuliza kitu. Dar es Salaam niliingia maabara, na vipande vya mkaa vikasafirishwa ng'ambo kupimwa umri. Miezi ilipita. Niliitazama chavua kwa hadubini siku baada ya siku: katika udongo mweupe nyasi, nyasi na nyasi, na mti mmoja hapa na pale. Katika mboji ya kahawia miti ilirudi kidogo, mabondeni na kwenye mikondo ya maji. Na penye ule mstari mwembamba wa juu, miti hiyo michache ilipungua tena. Majibu ya umri yalipokuja, ukanda mnene ulikuwa wa kale kuliko nilivyothubutu kuwaambia pale mkutanoni. Mstari mwembamba ulikuwa wa karne za malungu. Wote tulikuwa na haki kidogo, na hilo ndilo jibu ambalo sayansi hupenda kutoa.

Kipupwe kilichofuata nilirudi Ufipa. Ofisi ya wilaya ilikuwa imekwisha kuambiwa, na mpango wa bondeni ulikuwa umefutwa, ingawa sitadai kwamba ni kwa ajili ya tope langu peke yake. Hata hivyo Ilambila haikuachwa pale pale. Watu walipangwa kwa mistari kando ya barabara, huko huko juu kwenye baridi, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kinamasini kwao. Kwenye lori nilimweleza Bwana Hemedi majibu yote mawili. Safari hii alinisikiliza kweli.

"Ule moto mkubwa waambie," alisema. "Huo mdogo una haja gani? Wamekwisha kupona. Mwenye busara hufunika kombe mwanaharamu apite."

Nililifikiria shauri hilo njia nzima. Halikuwa shauri la kipumbavu.

Ilambila mpya ilikuwa na nyumba zilizonyooka na vumbi la barabara. Mama Skolastika alikuwa uani kwake anafinyanga, na alinilalamikia kwamba udongo mzuri sasa uko mbali na binti ameolewa Kaengesa, haji kumsaidia kuubeba. Alilalamika kwa afya njema. Watu wakaja wakakaa, Mzee Deusdedit akaletewa kiti. Niliwaambia juu ya moto mkubwa wa chini ya udongo mweupe, kwamba maabara imekubali, kwamba nyasi za Ufipa ni za kale kuliko jembe na kuliko watu. Walipiga makofi.

Kisha nikawaambia na ule mwingine. Nilisema kwamba juu, karibu na sisi, kuna moto mdogo wenye mavi ya chuma, na kwamba miti michache iliyokuwapo ilipungua kwa moto huo. Makofi yalikatika. Nilisema pia kwamba naandika kitabu cha kazi hii yote, tangu mawe ya Kibo hadi kinamasi chao, na kwamba kama moto huo unawatia hofu, nitasikiliza kabla ya kuandika.

Mama Skolastika alikuwa bado ameshika chungu kibichi. Alikigeuza, akalisugua tumbo la chungu kwa jiwe, mara moja, mara mbili.

"Mkubwa ule ni wa nani?" aliuliza.

"Si wa mtu. Labda wa radi."

"Na mdogo?"

"Wa malungu. Wa babu zenu."

Alikiweka chungu chini. "Babu yangu alifua majembe yaliyolima nchi yote hii mpaka Unyiha," alisema. "Nilitoa mkaa mara moja kwenye bati lako, nikautoa usio wetu. Huu ni wetu, Daktari. Uandike. Usiutoe."

Nimekwisha kustaafu, na wanafunzi wangu huniuliza nilijifunza nini kwenye vinamasi. Huwaeleza habari za barafu na ukame na nyasi, maana ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani. Mimi mwenyewe nilijifunza kwamba aliyelishika bomba hana haki ya kukaa kimya mbele ya wenye kinamasi. Na ule mstari mwembamba uko kwenye kitabu, umechorwa kwa wino mweusi, juu ya udongo mweupe, na kando yake nimeandika: wa Ilambila.